Aliyeufungua Mtandao wa Hosteli

Bugomora, Kyerwa
Jumapili, 2 Juni 2024

Kwa mdogo wangu Egbert,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima wa kutembea, ukiacha goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Shemeji yako Clavery hajambo. Kahawa imeiva kwa wingi, tunachuma na kuanika, na majamvi yamejaa uani hata kuku hawana pa kupita. Shangazi Avelina wa Nyabiyonza anakusalimu, anauliza kama bado unaenda ibadani au kompyuta ndiyo imekuwa mchungaji wako. Mwambie wifi Sperancia kwamba kile kitenge alichonitumia nakivaa Jumapili tu, wenzangu wasije wakakizoea.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Hapa kwetu nikitaka kuongea lazima nipande kilimani, na simu ikijisikia inakamata mtandao wa Uganda, na nusu ya kijiji imekaa hapo hapo ikisubiri zamu huku imetega masikio. Ninayokuandikia si mambo ya kilimani. Nimempa kondakta wa basi bahasha hii, nawe unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Kemirembe amerudi. Alifika Jumanne na begi lake lote, semista ikiwa bado inaendelea. Nilimuuliza kama chuo kimefungwa, akasema, "Mama, nimechoka," akaingia chumbani. Tangu siku hiyo anaonja ndizi mara mbili anasukuma sahani. Kutwa yumo kibanjani, kule nyuma kabisa, anakata majani makavu ya migomba ambayo hakuna aliyemtuma. Baba yake alidhani ana mimba. Tukampeleka zahanati, wakasema hana. Nikamshukuru Mungu, kumbe nilishukuru mapema.

Alhamisi Clavery alikwenda Songambele kwa yule mwenye duka la pembejeo. Huyo mtu akamvuta pembeni akamwonyesha simu. Sekunde kumi na moja, Egbert. Mtoto wetu yumo chumbani kwake hosteli, anavua nguo, hajui kama anatazamwa. Clavery alirudi bila mbolea aliyoifuata, akakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Tangu hapo hajamtazama binti yake usoni.

Kemirembe mwenyewe kaniambia machache. Alinunua kamera ndogo kwa bumu lake, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, kwa sababu wezi wa laptopu walikuwa wameingia vyumba vitatu vya ghorofa yao. Akaiweka juu ya kabati itazame mlango. Watu wakaiona kupitia mtandao wa chuo. Sasa chuo kimemwandikia barua kwamba tarehe 18 Julai afike mbele ya kamati ya nidhamu, anashitakiwa kurekodi na kusambaza picha za aibu. Yeye! Aliyeibiwa ndiye anashitakiwa wizi. Wakimkuta na hatia wanamfukuza, naye yuko mwaka wa pili, na katika watoto wote wa ukoo wetu hakuna mwingine aliyefika chuo kikuu tangu wewe.

Wewe uko hapo hapo chuoni, na mtandao huo ndio kazi yako. Nieleze ilikuwaje, na wao uwaeleze. Mimi nikielezwa polepole naelewa. Kumbuka kwamba shuleni wewe ndiye uliyekuwa unanakili hesabu kutoka madaftari ya zamani ya dada yako.

Nakuombea kwa jina.

Adelgunda


Mwanza, 17 Juni 2024

Dada Adelgunda, shikamoo.

Barua yako niliipata, na nakiri imekaa mezani kwangu siku kadhaa. Tunahamisha mitambo kwenda jengo jipya na kazi zimenifika shingoni. Sperancia anakusalimu sana. Watoto wazima, Winston kang'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kama mzee wa mahakama. Kuhusu zile hesabu zako, ndani yake kulikuwa na makosa mawili na fimbo nilipigwa mimi, kwa hiyo usinikumbushe.

Habari ya Kemirembe ninaifahamu tangu siku iliyotokea. Imeniumiza kuliko ninavyoweza kuandika, na ndiyo sababu sikuwa nimeandika.

Umeomba maelezo ya polepole. Waifai ya chuo imepangwa kama nyumba kubwa ya wageni. Kila anayeingia anajiandikisha kwa jina na namba yake ya usajili, anapewa chumba chake, na chumba hakichungulii chumba. Simu na laptopu zinajua kujiandikisha. Lakini vijana siku hizi wanakuja na vitu vya sebuleni: televisheni, spika, printa, kamera. Hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ya familia, havina hata mahali pa kuandika jina. Vinataka paswadi moja ya nyumba nzima, na vikishaingia vinaanza kuita, mimi hapa, nani ananihitaji, kwa sababu vinaamini kila aliye ndani ni mtu wa nyumba hiyo. Sisi tuna wanafunzi elfu sita. Kwa hiyo kila wiki naletewa spika na printa mezani, nami nazirudisha kwa wenyewe.

Mwezi wa kwanza mwaka huu ulifunguliwa mtandao wa pembeni kwa ajili ya vifaa hivyo, katika hosteli ya wasichana, kwa majaribio. Paswadi ilikuwa moja, na bahati mbaya ikasambaa mpaka kwa wavulana. Kamera ya Kemirembe ilikuwa bado ina paswadi ya kiwandani, ile inayoandikwa kwenye boksi, hivyo yeyote aliyekuwa ndani ya mtandao huo angeweza kuitazama. Yeye alikuwa na kawaida ya kuigeuzia ukutani akiwa chumbani. Tarehe 14 Mei umeme ulikatika, na kamera za aina ile umeme ukirudi hujigeuza zenyewe kurudi zilivyopangwa mwanzo. Hakuiona ikigeuka, na mtu akarekodi. Ni mkosi tu, mambo mengi yalikutana siku moja.

Mfumo wetu unatunza kumbukumbu kwa siku tisini, kwamba kifaa gani kilizungumza na kifaa gani na saa ngapi. Mambo haya yana taratibu zake. Nashauri Kemirembe asijibu ujumbe wowote, asibishane na mtu, na siku ya kamati afike amevaa kwa heshima.

Nimeweka humu dawa ya kuchua goti. Paka asubuhi na jioni.

Mdogo wako,
Egbert


Bugomora, 24 Juni 2024

Egbert, marahaba.

Dawa nimepaka. Inanuka mpaka mbuzi wananikimbia, lakini goti limenyamaza. Huku mnyauko umeingia kwenye migomba ya jirani yetu Kokushubira, bwana shamba amemwamuru ang'oe mashina arobaini, na sisi sasa kila tukikata mgomba mmoja tunachoma panga kwenye moto kabla ya kugusa wa pili. Clavery hafanyi hata hilo. Ameacha kwenda chama cha msingi kupeleka kahawa kwa sababu pale watu hukaa na simu zao mikononi, na akiingia wanazifunika. Magunia yamepangwa sebuleni, tunayaruka kwenda kulala.

Mwinjilisti naye amekuja. Alikunywa chai, akasifu mwaka huu kwa mavuno, akaomba, na alipofika mlangoni akasema ni vizuri Kemirembe apumzike kidogo kufundisha shule ya Jumapili. Kidogo hicho hakukitajia mwisho. Mtoto alikuwa nyuma ya pazia, amesikia kila neno.

Maelezo yako nimeyasoma mara tatu, na mara ya tatu kwa sauti. Unaeleza vizuri, ungekuwa mwalimu. Lakini umeandika kwamba mtandao "ulifunguliwa", kama vile mvua ilivyonyesha. Nani aliufungua? Na aliyeufungua, alimwambia mtoto aibadilishe hiyo paswadi ya kwenye boksi, au hakumwambia?

Tena, kama kumbukumbu zipo, basi aliyemrekodi mwanangu yumo humo. Zisome. Nimehesabu kwenye kalenda ya kanisa, siku tisini zinaisha tarehe 12 Agosti. Nauli ya kuja tumeshapata, nitamleta mwenyewe tarehe 18. Wewe ingia ndani ya chumba hicho pamoja naye useme ilivyokuwa, usiongeze, usipunguze. Mama alitulea akisema mtoto wa dada ana baba wawili. Mmoja wa huku hawezi hata kumtazama. Nimebakiwa na wewe, Egbert, na ninaogopa.

Salamu kwa Winston na meno yake.

Dada yako


Mwanza, 8 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa, malaria ilinilaza siku tano. Sperancia amekwishaandaa chumba, mtalala kwetu, msihangaike na nyumba za wageni. Winston anasema atampa Kemirembe kitanda chake, na huyo mtoto hajawahi kumpa mtu hata maganda ya chungwa.

Nijibu uliyouliza. Kumbukumbu za mfumo hazifunguliwi bila kibali cha mkuu wa kitengo. Nikiomba kibali ataniuliza ninakitaka cha nini, na mkataba wangu unapitiwa mwezi wa nane. Kuhusu nani alifungua, mambo haya ya kitaalamu hayana mtu mmoja, dada. Huwa ni maamuzi yanayojengana. Na kamatini fundi haingii asipoitwa, nami sijaitwa.

Kuna jambo jingine, naliandika kwa shida. Ingekuwa vizuri Kemirembe asitaje kwamba mimi ni mjomba wake. Watasema alipendelewa, na hiyo itamharibia yeye kuliko mimi. Nakuomba umweleze wewe, mimi ataona namkana.

Wiki hiyo ya kamati nitakuwa nimetumwa kwenye tawi letu jingine kufunga vifaa. Imenisikitisha, lakini kazi haina ndugu.

Egbert


Bugomora, 23 Julai 2024

Egbert,

Tumefika salama. Mshukuru mke wako. Alitupikia sangara, akanikanda goti, na asubuhi alimpigia Kemirembe pasi nguo bila kuambiwa. Umeoa vizuri kuliko unavyostahili, hilo nililisema hata siku ya harusi na watu wakacheka. Winston kweli aliachia kitanda.

Mtoto hakuniambia ya kamati pale pale. Tulivuka Geita, na tulipopita Biharamulo akaanza kusema huku anatazama dirishani. Walikuwa watu saba. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyemruhusu kuunganisha kifaa kile. Akajibu, "Nilijiunganishia mwenyewe." Akaulizwa paswadi aliipata wapi, akasema alisikia kwa wenzake. Mama mmoja mwenye miwani akauliza, msichana mwenye malezi anawekaje kamera mahali anapovulia nguo. Akajibu kwamba chumba ni kimoja, kulala humo, kuvua humo, kuibiwa humo. Mama akaandika kitu. Kisha bwana mmoja akasema ni lazima wajiridhishe na ushahidi, wakaiwasha ile video pale mezani, naye amesimama mbele yao. Waliiwasha mara mbili, kwa sababu mmoja alikuwa hajaiona vizuri.

Nyumbani baba yake aliuliza neno moja tu, "Vipi?" nami nikamwambia bado wanafikiri. Akarudi kwenye kigoda chake.

Umesema ulitumwa tawi jingine. Haya. Sikuombi tena uje mahali popote wala usimame mbele ya mtu. Zimebaki siku ishirini za hizo kumbukumbu zako. Ninachoomba ni uzihifadhi zisipotee. Kuhifadhi si kumshitaki mtu. Hata mimi nahifadhi mbegu ya maharage ambayo sijui kama nitaipanda.

Nasubiri jibu.

Adelgunda


Bugomora, 20 Agosti 2024

Egbert,

Mwezi mzima hujaandika. Nimeuliza kondakta mpaka sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Hukumu imekuja. Ina tarehe 14 Agosti na mhuri wa bluu. Wanasema alikiuka kanuni za matumizi ya mtandao kwa kuunganisha kifaa kisichoruhusiwa, kwa kukiri kwake mwenyewe, na kwa uzembe huo akasababisha picha za aibu kusambaa na kukichafulia chuo jina. Amefukuzwa. Rufaa iwafikie ndani ya wiki nne, yaani mwisho ni tarehe 11 Septemba, tena iwe na ushahidi mpya. Kuhusu aliyerekodi wameandika kwamba hakuweza kufahamika.

Clavery aliisoma, akaikunja, akamrudishia. Akasema maneno ya kwanza kwa binti yake tangu Mei. Alisema, "Tafuta pa kukaa." Nimepiga magoti, kwa goti hili hili, hajasikia.

Ushahidi mpya, Egbert. Mimi sina. Wewe nijibu hata kwa mstari mmoja.

Dada yako


Mwanza, 4 Septemba 2024

Dada yangu, shikamoo.

Leo sina habari za watoto wala za kazi. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Acha niimalize kabla sijawa mwoga tena.

Mimi ndiye niliyeufungua mtandao. Hakuna mwingine. Mwezi wa kwanza Kemirembe alikuja ofisini na kamera yake kwenye boksi, na kifurushi cha ile kahawa ya kutafuna uliyomfungia aniletee. Akasema, "Mjomba, inakataa." Wenzangu walikuwepo. Nilikuwa nimewarudishia wanafunzi spika na printa mwaka mzima, lakini huyu alikuwa wa kwetu, tena ameniita mjomba mbele ya watu. Nilijisikia mtu mkubwa. Kuiruhusu kamera moja tu kungenichukua nusu siku ya kuiandikia kanuni yake kwenye mfumo. Kuifungulia hosteli nzima paswadi moja ilikuwa kazi ya dakika tano. Nikafungua hosteli nzima. Sikuomba kibali kwa mtu. Neno "majaribio" nililiandika baadaye, baada ya mambo kuharibika.

Uliuliza kuhusu paswadi ya kwenye boksi. Aliniuliza mwenyewe, dada. Alisema, "Hii niibadilishe?" Nikamwambia haina haja, humu sasa ni nyumbani, na mimi nipo. Ndivyo nilivyomjibu. Nimefanya kazi hii miaka tisa, najua kabisa kwamba hosteli si nyumbani kwa mtu. Nilisema vile kwa kuwa ilikuwa tamu kusema.

Kumbukumbu nilizisoma tangu tarehe 16 Mei. Kibali sikukihitaji, nilikudanganya. Kifaa kilichorekodi nakijua, kimesajiliwa kwa jina, ni la kijana wa mwaka wa tatu ambaye atahitimu mwezi wa kumi na moja. Lakini mahali palipoandikwa jina lake, mistari michache juu yake pameandikwa langu, kwamba mtandao huu umefunguliwa na fulani, tarehe fulani. Nisingeweza kutoa moja nikaacha jingine. Jumatatu tarehe 12 Agosti nilikaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Ilikuwa ni kubonyeza mara moja zihifadhiwe. Sikubonyeza, na asubuhi yake hazikuwepo.

Mkataba wangu wameuongeza miaka miwili.

Nimeandika ungamo langu kwa kamati na kulisaini, nimeliweka humu ndani ya bahasha. Ni neno langu tu, ushahidi wenyewe umeshafutika, lakini pengine litamsaidia. Sijui tena lililo jema. Nakuachia wewe uamue. Ukiona linafaa, Kemirembe aliambatanishe na rufaa. Ukiona litaniangusha mimi bila kumwinua yeye, lichome.

Naona aibu kukuita dada, lakini sina jina jingine la kukuita.

Egbert


Bugomora, Jumapili 22 Septemba 2024

Egbert,

Wote wazima hapa. Kahawa yetu ameipeleka Kokushubira chamani, kwa jina lake. Goti limerudi.

Barua yako nimeipata Jumatatu tarehe 16. Mtu wa mizigo pale ofisi ya basi Kayanga alikuwa amefiwa, bahasha zikakaa ndani ya kufuli. Rufaa ilikuwa imefungwa tarehe 11. Tuliipeleka ya kwetu tupu, karatasi moja ya kuomba huruma, na wamejibu kwa simu kwamba haina jambo jipya.

Nimekaa nayo karatasi yako iliyosainiwa, nikawa nawaza njia iliyopita. Ofisi inayopokea rufaa iko ng'ambo ya uwanja kutoka kwenye kitengo chenu. Nimepita hapo kwa miguu yangu, hata mimi kiwete nilitumia dakika mbili. Wewe uliichukua ukaipandisha basi, ikavuka Geita, ikavuka Biharamulo, ije mpaka Bugomora, ili mimi niirudishe hapo ilipoandikiwa. Hukutaka niamue, Egbert. Ulitaka ichelewe.

Kemirembe hayuko hapa. Yuko Nyabiyonza kwa shangazi Avelina, analima na kumchotea maji. Nilikwenda Alhamisi kumpelekea karatasi yako. Aliisoma amesimama na jembe mkononi, akanirudishia. Kwako hakusema neno. Kwangu alisema, "Mama, sasa umeridhika?" Akaendelea kulima. Nilirudi kwa bodaboda nikilia kama mtoto, hata dereva akaniuliza nimefiwa na nani.

Nina ya kwangu ya kusema, uyajue. Tarehe 19 Juni, kabla ile barua yako ya kwanza haijafika, Kemirembe alinieleza kila kitu. Boksi, paswadi, "mimi nipo", vyote. Alisema, "Mama, nitamtaja mjomba kamatini." Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia mtoto hamtaji mjomba wake mbele ya watu baki, na hakuna haja, atajitaja mwenyewe. Alinibishia wiki nne. Alisema, "Mama, humjui." Nikacheka. Nilimwambia huyo nimembeba mgongoni mimi, namjua kuliko anavyojijua. Nikamwapia kwa kaburi la mama yetu kwamba utasema. Kwa hiyo nilipokuuliza nani alifungua, nilikuwa najua. Kila barua nilikuwa nakuachia nafasi, kisha nasubiri, kisha naongeza nyingine, na mtoto ananitazama ninavyoandika. Hukumu inasema amefukuzwa kwa kukiri kwake mwenyewe, na kukiri huko nilimfundisha mimi.

Kisha ulisema ulitumwa tawi jingine, nami nikakujibu kwa neno moja, "Haya." Sasa sikiliza. Siku ile tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati. Saa nne kasorobo wakaita jina lake. Akasimama, akajinyoosha sketi, akaniuliza kwa mara ya mwisho, "Mama, nimtaje?" Ndipo nikakuona. Ulikuwa unavuka uwanja, shati la bluu, ngazi begani. Ulituona. Ukasimama ukatutazama, na mimi nikafurahi, Egbert, nikafurahi mpaka machozi yakanilengalenga. Nikamwambia mtoto, "Usimtaje. Yule anakuja."

Akaingia, wakafunga mlango. Nilipogeuka tena, uwanjani hapakuwa na mtu.

Adelgunda